Pete ya Huku, Kioo cha Kule: Kupima Uhalisi wa Lenzi Kongwe

Lenzi kongwe zinazouzwa Mombasa huja kwa njia tatu. Kuna za studio za zamani, zilizobaki kabatini kwa warithi. Mji huu ulikuwa na studio zake, na ya N. V. Parekh inakumbukwa hadi leo. Kuna zilizoshuka pamoja na mitumba au mikononi mwa mabaharia. Kuna pia zilizoagizwa mtandaoni na kuuzwa tena hapa kwa faida. Katika makundi yote matatu utakuta lenzi zilizochanganywa: pete ya hii, kioo cha ile, skrubu za redio.

Mchanganyiko peke yake si kosa. Fundi wa studio aliyekuwa na harusi Jumamosi, kisha Alhamisi akagundua kioo kimeliwa na ukungu, hakungoja kipuri kitoke Ujerumani. Alikitoa kwenye lenzi iliyokufa, akakipachika, na bibi harusi akapata picha zake. Hiyo ni lenzi iliyotibiwa. Lenzi ghushi ni ile iliyovishwa jina lisilo lake ili ipande bei. Kati ya hizo mbili zimo lenzi zilizobadilishwa na kiwanda chenyewe, na hizo watu huzikataa bure. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine, tukianza na sababu ya kawaida na ukaguzi unaoweza kuufanya barazani, bila kufungua kitu.

Kabla hujagusa chochote

Beba tochi ndogo, kioo cha sonara kinachokuza mara 10, rula au kalipa, na kamera ya dijitali yenye adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera) unayoiamini. Neno "unayoiamini" ni zito hapo, tutaona kwa nini.

Usifungue skrubu yoyote ya lenzi ambayo hujailipia. Usiangalie jua kupitia lenzi, na usiiache wazi dirishani wakati wa mchana. Lenzi ya 50mm yenye tundu kubwa hukusanya mwale wa kutosha kutoboa pazia na kuanzisha moto.

Dalili: maandishi na namba havikubaliani

Sababu ya kwanza, na inayozidi zote kwa wingi, ni pete ya jina iliyobadilishwa. Ile pete ya mbele yenye jina, urefu wa fokasi na namba ya kiwanda kwa kawaida imefungwa kwa nyuzi zake tu, kama kifuniko cha chupa. Kipande cha mpira na mkono mkavu vinaitoa kwa muda mfupi. Kwa hiyo ni shahidi dhaifu kuliko wote, na ndiyo mnunuzi anayoisoma kwanza.

Anza na kalenda. Lenzi nyingi za Kisovieti kuanzia miaka ya 1950 zina namba ambayo tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa kutengenezwa: 76 ni 1976. Si viwanda vyote vilivyofuata hivyo siku zote, lakini ukikuta Helios yenye namba inayoanza na 61, na gamba lake (mwili wa nje) lina ile alama ya ubora ya pembe tano ya Kisovieti, simama. Alama hiyo ilianza kutumika 1967. Ama pete si yake, ama gamba si lake. Vivyo hivyo, lenzi ya Carl Zeiss Jena yenye herufi DDR (Ujerumani Mashariki) haiwezi kuwa ya kabla ya vita, kwa sababu nchi hiyo ilizaliwa Oktoba 1949. Maandishi ya "Made in Occupied Japan" nayo ni ya 1947 hadi 1952. Yakiwa kwenye lenzi yenye umbo na mipako (tabaka jembamba juu ya kioo la kupunguza mwakisiko) ya miaka ya 1970, mtu amecheza.

Kwa Nikon kuna njia nzuri zaidi. Lenzi zake za zamani zina herufi baada ya jina lao, Nikkor, inayotaja idadi ya vioo: Q ni 4, P ni 5, H ni 6, S ni 7, O ni 8. Nikkor-H 50mm f/2 na Nikkor-S 50mm f/1.4 hazina tundu la ukubwa mmoja, kwa hiyo pete moja ikikalia mwili wa nyingine utaipata kwa kipimo kifuatacho.

Fungua diafragma (majani yanayopanua na kubana tundu) hadi mwisho. Shika lenzi umbali wa mkono, uitazame kwa mbele, uweke rula mbele ya kioo, upime upana wa ule mduara wa mwanga unaouona ndani. Gawa urefu wa fokasi kwa upana huo, upate namba ya f/. Lenzi iliyoandikwa 50mm 1:1.5, yaani f/1.5, lazima ikupe mduara wa milimita 33 hivi. Ukipata 25 au 26, umeshika lenzi ya f/2 iliyovishwa kofia ya f/1.5. Jupiter-3 (f/1.5) na Jupiter-8 (f/2), lenzi za Kisovieti, zote hupokea filta ya 40.5mm na zinafanana kwa mbali, lakini bei zake haziko kwenye ngazi moja. Rula ya shule inazitenganisha.

Sababu ya pili ni gamba kubadilishwa: vioo na pete ni vya asili, lakini pete ya fokasi au maunti (sehemu inayoshika kamera) imetoka kwingine. Tazama kama alama za umbali ni za mita upande mmoja na futi upande mwingine, au kama mwandiko wa tarakimu unabadilika kutoka pete hadi pete. Hapa muuzaji mara nyingi hana hila, alinunua hivyo.

Sababu ya tatu ni kiwanda. Kuanzia 1977 Nikon ilipoleta mfumo wa AI, yaani wa lenzi kuijulisha kamera tundu lake, ilitoa pete mpya za diafragma kwa lenzi zake za zamani. Kwa hiyo Nikkor ya miaka ya 1960 yenye pete mpya ya mistari miwili ya tarakimu ni halali kabisa, tena mimi naipenda zaidi. Tofautisha na ile iliyopigwa tupa na fundi: ukingo wa pete unang'aa chuma kitupu na mikwaruzo yake inaonekana. Hiyo nayo hufanya kazi kama tupa ilikwenda sawa. Ile ambayo haijaguswa kabisa ndiyo ya kuogopa kuivisha kwenye kamera za Nikon za baadaye, maana inaweza kuvunja kidude kidogo cha pembeni mwa maunti. Ukihisi inagoma, usiisukume.

Dalili: imeandikwa Leitz Elmar au Sonnar, na bei ni tamu mno

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Elmar 50mm f/3.5 ni lenzi iliyobuniwa na Max Berek wa Leitz, kiwanda cha kamera za Leica, na imesafiri na Leica tangu miaka ya 1920. Kiwanda cha Kisovieti cha FED, Kharkiv, kilianza kutengeneza kamera zinazofanana na Leica 1934, na baadaye kile cha Krasnogorsk kikatoa Industar-22, lenzi inayozama ndani ya kamera kama Elmar na yenye sura ileile. Kutoka hapo hadi kuchonga "Ernst Leitz Wetzlar" juu yake ni safari fupi. Ukiona dhahabu, ngozi ya nyoka, tai wa jeshi la anga la Ujerumani au "Berlin 1936", usipoteze tochi yako. Hizo nyingi ni kazi za mafundi wa miaka ya 1990 walioziuza kwa watalii.

Zinazosumbua ni zile za kromu ya kawaida, zenye maandishi ya heshima. Dawa yake ni mahali diafragma ilipo. Kwenye Elmar, majani ya diafragma yako nyuma tu ya kioo cha kwanza. Kwenye Industar-22, kuna vioo viwili mbele ya majani. Funga diafragma hadi tundu dogo kabisa, kisha mulika tochi kwa mshazari kutoka mbele na utikise lenzi taratibu. Kila uso wa kioo ulio mbele ya majani utakupa nukta moja ya mwanga. Kioo kimoja kina nyuso mbili, nukta mbili. Vioo viwili vinakupa nne. Nukta hafifu zinazopenya kwenye tundu la katikati usizihesabu.

Niliwahi kusimama Mwembe Tayari karibu na kijana aliyekuwa akifanya hesabu hiyo mbele ya muuzaji mtu mzima.

"Ami, hebu nizibie jua kidogo kwa mkono wako."

"Hiyo ni ya Mjerumani, mwanangu. Soma mwenyewe, imeandikwa."

"Nimesoma. Sasa nahesabu." Akainamisha lenzi, akaigeuza, akainua vidole vinne. "Ami, hii ni Industar."

Mzee akaichukua, akaifuta kwa kanzu, akamrudishia. "Haya, basi nipe bei ya Industar."

Wakaelewana. Industar-22 ni lenzi nzuri kwa bei yake, na yule mzee, kwa jinsi alivyolipokea, sidhani alijua alichokuwa nacho.

Ukaguzi wa pili ni mizani ya tundu. Elmar za kabla ya vita zina 3.5, 4.5, 6.3, 9, 12.5, 18. Mizani ya 4, 5.6, 8, 11, 16 ilikuja baadaye. Ukikuta namba ya kiwanda ya miaka ya 1930 na mizani ya kisasa, uliza. Jibu laweza kuwa kwamba kitengo cha mbele kilibadilishwa, na hapo bado una Elmar, ila ya vipande viwili. Ukikuta mizani ya zamani na nukta nne, huna Elmar hata kidogo.

Sonnar, lenzi ya Zeiss, ikiwa na nyuzi za kufunga kwenye Leica ni kesi ngumu zaidi. Zilikuwepo za kweli, chache, za wakati wa vita. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni Jupiter zilizofutwa jina na kuchongwa upya. Jupiter zenyewe zilitokana na ramani za Sonnar, kwa hiyo kuhesabu nukta hakukusaidii. Chukua kioo cha sonara utazame herufi. Maandishi ya asili yana kina sawa mwanzo hadi mwisho na rangi imekaa ndani ya mfereji. Maandishi ya kuchonga upya mara nyingi yamekaa kwenye bonde: uso wa pete umesagwa kuondoa jina la kwanza, kwa hiyo mwanga ukipita kwa mshazari unaona chuma kimeinama kidogo. Ukifika hapo na bado una shaka, na anayeuza anataka bei ya Sonnar ya kweli, usiamue peke yako. Lenzi ya namna hiyo haistahili kulipiwa M-Pesa kabla ya mtu aliyeshika za kweli kuifungua na kuona ndani.

Dalili: haifiki mbali, au inapita mbali

Nenda Mama Ngina asubuhi, kabla joto halijaanza kutikisa hewa juu ya maji. Lenga meli iliyo mbali nje ya mlango wa Kilindini, kuza picha kwenye skrini, zungusha fokasi hadi alama ya ∞ (mbali kabisa).

Kama meli haijakaza, sababu ya kwanza ni adapta. Nyingi za bei rahisi ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, makusudi, ili lenzi ipite ∞ badala ya kuishia njiani. Jaribu lenzi nyingine unayoijua kwenye adapta hiyohiyo. Ikikosea vilevile, lenzi unayoipima haina hatia.

Sababu ya pili ni kuchanganya nyuzi mbili zinazofanana. Leica ya zamani na Zenit ya kwanza ya Kisovieti zote hutumia nyuzi za milimita 39, lakini umbali kutoka maunti hadi filamu ni 28.8 mm kwa Leica na 45.2 mm kwa Zenit. Lenzi ya Zenit kwenye adapta ya Leica haitaona chochote kwa ukali, karibu wala mbali. Lenzi ya Leica ikiwekwa mahali pa Zenit itaona vitu vya sentimita 20 hivi tu. Watu wengi wamezitupa lenzi nzima kwa sababu hiyo. Kuna pia tofauti ndogo inayowachanganya hata wazoefu: pete ya kutoka M39 ya Zenit (nyuzi za milimita 39) kwenda M42 (za milimita 42) inaacha pengo la 0.26 mm, maana M42 inahitaji 45.46. Pengo hilo ni kama unene wa karatasi chache, lakini kwa Helios ya 58mm, kwa hesabu, linaifanya iishie kwenye mita 13 hivi.

Sababu ya tatu ni nyuzi za fokasi kuanzishwa mahali pasipo pake. Mtu alifungua lenzi kuipaka grisi, akarudisha, lakini nyuzi hizo zina mianzo kadhaa na ni mmoja tu ulio sahihi. Dalili yake ni kwamba alama ya ∞ na alama ya mita 1 zote zimekosea, na pete inasimama mapema au inaendelea kupita mwisho wake. Hii si ughushi na inatengenezeka.

Ya nne ni washa (pete bapa ya kujazia) iliyopotea. Lenzi nyingi za zamani zina washa nyembamba za chuma chini ya kitengo cha vioo, zilizochaguliwa kiwandani kwa lenzi hiyo moja. Kitengo kikihamishiwa kwenye gamba jingine bila washa zake, umbali unaharibika.

Na iko moja ya nadra: Leica za 1930, kabla maunti haijafanywa ya kiwango kimoja 1931, kila lenzi ililinganishwa na kamera yake na kupigwa muhuri wa tarakimu tatu za mwisho za namba ya kamera hiyo. Lenzi na kamera za namna hiyo zikitengana, kila moja inabaki na nusu ya thamani yake. Za baadaye zina alama ya "0" kwenye maunti. Ukikuta tarakimu tatu zimepigwa pale, zisome, kisha uziangalie na za kamera kabla hujamwachia mtu auze moja peke yake.

Dalili: mbali iko sawa, karibu inakosea (kamera za renjifainda, zenye kipima umbali chao)

Picha za mandhari ni kali, lakini uso wa mtu aliye mita moja una fokasi masikioni badala ya machoni. Jupiter na Industar za Kisovieti kwenye Leica zina tabia hii hata zikiwa halisi na kamili. Zilifuata hesabu ya lenzi ya 52.4 mm, wakati Leica inahesabu 51.6 mm. Kwa f/8 hutaona tofauti. Kwa f/2 karibu, utaona. Kwa hiyo usianze kulaumu vipuri.

Lakini kama lenzi ni ya Leitz na inafanya hivyo, dhana ya kwanza ni kitengo cha vioo kutoka lenzi nyingine. Kwenye baadhi ya Leitz utakuta tarakimu mbili ndogo karibu na mizani ya umbali, kama 19, maana yake urefu halisi wa lenzi hiyo ni 51.9 mm. Gamba lilikatwa kwa urefu huo. Kitengo kingine kikiingia humo, hakitakaa sawa hata ufanyeje na skrubu. Hii ni kazi ya fundi mwenye kolimeta, chombo cha kupimia fokasi. Kukata au kusaga washa nyumbani kwa kubahatisha ndiko kunakoua lenzi nzuri.

Dalili: kona moja laini, au picha nzima imefunikwa na mng'ao

Kona moja tu ikiwa laini na tatu kali, kitu kimepinda. Usiku, weka kamera juu ya tripodi, lenga taa moja ndogo ya mbali, upige mara nne taa ikiwa katika kila kona, diafragma ikiwa wazi. Linganisha umbo la taa. Anza tena kushuku adapta, kisha pete ya kushika kioo ambayo haikukazwa sawa baada ya kufunguliwa. Kioo kutoka lenzi nyingine chenye kipenyo kidogo zaidi huja baadaye kwenye orodha, lakini pwani yetu hutokea, kwa sababu ukungu huanzia vioo vya ndani na watu hubadilisha kimoja kimoja.

Picha nzima ikiwa na mng'ao kama imepigwa nyuma ya chandarua, mulika kwanza ndani: mvuke wa grisi na ukungu ndio wa kulaumiwa mara nyingi. Kama vioo ni safi kabisa na mng'ao upo, uwezekano mkubwa kuna kioo kimegeuzwa, mbele nyuma. Kwa Helios-44 hilo hufanywa hata makusudi, kioo cha mbele hugeuzwa ili nyuma ya picha izunguke zaidi. Muuzaji akikuambia ni "toleo maalum", ni toleo maalum la bisibisi.

Vioo viwili vilivyogandishwa kwa balsamu vikianza kuachana, utaona mapovu au upinde wa rangi ukingoni. Hapo usijaribu kuchemsha wala kutumia thina. Mpelekee fundi, au uiuze ukiwa umesema wazi.

Dalili: rangi za mipako hazifanani

Smakula, mtafiti wa Zeiss, alipata hataza ya mpako wake 1935, lakini lenzi nyingi za kiraia za kabla ya vita hazikupakwa. Mwanga unaoakisiwa na kioo kisichopakwa ni mweupe. Wa kilichopakwa una rangi ya bluu, kahawia au zambarau.

Rangi tofauti kwenye nyuso tofauti za lenzi moja ni jambo la kawaida, hasa lenzi za Japani za miaka ya 1970. Usimtuhumu mtu kwa hilo. Nukta nyeupe dhaifu katikati ya za rangi pia si ushahidi, maana vioo vilivyogandishwa pamoja huakisi kidogo na bila rangi. Kinachostahili swali ni nukta nyeupe yenye nguvu, mbele kabisa au nyuma kabisa, wakati zingine zote zina rangi. Hapo ama kioo kimebadilishwa, ama mpako umesuguliwa hadi ukaisha na mtu aliyefuta chumvi ya baharini kwa shati. Angalia kwa kioo cha sonara: kilichosuguliwa kina mikwaruzo midogo ya mviringo.

Elmar ya 1935 yenye mpako wa bluu si lazima iwe ghushi. Wenye lenzi walizirudisha kupakwa baada ya vita.

Dalili: diafragma ina vituko

Hesabu majani. Helios-44-2 ina 8. Za kwanza za fedha zina 13. Namba nyingine inakwambia mwili na pete havijuani. Mafuta kwenye majani ni kawaida na hayasemi lolote kuhusu uhalisi. Mizani ikionyesha f/2 wakati majani yanaonekana bado yamefunga kidogo, pete imewekwa nafasi isiyo yake. Hilo fundi hurekebisha kwa urahisi.

Dalili: skrubu, rangi na kutu

Skrubu za kichwa cha msalaba kwenye lenzi ya Kijerumani ya mwanzo wa miaka ya 1930 ni ngeni. Phillips, mwenye skrubu hizo, alipata hataza zake 1936. Kutu ya Mombasa ni shahidi mzuri ajabu: shaba inatoa kijani, alumini inatoa unga mweupe, na chumvi haichagui. Lenzi iliyokaa hapa miaka mingi ikiwa imechakaa kote isipokuwa pete moja inayong'aa, pete hiyo ilifika jana.

Dalili: kioo ni cha njano

Usikatae haraka. Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo 7 na Summicron za kwanza zina kioo chenye thoriamu, na hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Njano hiyo ni dalili ya uhalisi. Lenzi kama hiyo yenye kioo cheupe kabisa ama imetibiwa kwa taa ya miali ya urujuanimno, ama imewekewa kioo cha toleo jingine. Kuipigia picha hakuna tatizo. Lakini usisage, usipige poda ya kung'arisha, wala usivunje kioo hicho kamwe. Vumbi lake ni la mionzi na halifai kuingia kifuani.

Lenzi zenye shata ndani

Hasselblad za mfululizo wa C, na lenzi za kamera kubwa za studio, zina shata (kilango kinachopima muda wa mwanga kuingia), ya Compur au nyingine, ndani yake. Kwa za kamera kubwa, soma namba ya kitengo cha mbele na cha nyuma kama zote zipo. Nusu ya 135mm na nusu ya 150mm zinaweza kuingia kwenye shata moja bila kulalamika, na picha ndiyo italalamika. Mizani ya tundu kwenye shata nayo imeandikwa kwa lenzi moja tu. Zaidi ya hapo usiguse. Shata ikikwama, usilazimishe lever, usimimine mafuta, usifungue. Springi zake zimejikunja kwa nguvu na sehemu zake hazirudi kwa kubahatisha.

Unapompelekea fundi

Piga picha za pande zote kabla, na namba zote zinazoonekana. Mwambie akwangue alama ndogo mahali nyuzi zinapoachana. Mwombe akurudishie kila kipande alichotoa, hata kioo kilichoharibika, na aandike kwenye karatasi alichoweka na kilitoka wapi. Karatasi hiyo iingize kwenye kasha la lenzi, pamoja na kifuko kipya cha silika ya kunyonya unyevu, na siku ukiiuza mpe mnunuzi vyote viwili.